Mashine Iliyozimika Kila Saa

Karimi alikuwa na jicho. Watu wa Githongo walimjua kwa hilo. Akipita kwako kukujulia hali, kabla hajaketi ameshaona mtoto anayeficha kikohozi, kuku asiyekula na kamba ya nguo inayotaka kukatika. Hakusema yote aliyoyaona, lakini usingizi yalimnyima. Mumewe, dereva wa lori la kahawa, alizoea kumwambia, "Mama Sheila, mwachie Mungu naye kazi kidogo." Karimi angeitikia ndiyo, kisha angeinuka kwenda kuhakikisha kwamba mlango wa zizi umefungwa.

Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo wake wakakosa mtu wa kuwapikia. Kusoma alijua, polepole, kidole kikitangulia macho. Kanisa lao, lile lililo juu kidogo ya soko, lilimkabidhi ufunguo wa stoo, na tangu siku hiyo hakuna sufuria ya kanisa iliyokwenda harusini au matangani ikapotelea huko. Alizifuata nyumba kwa nyumba, akizungumza kwa upole, mpaka zikarudi.

Ndiyo maana yeye, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba kompyuta ya kanisa ilikuwa inazimika kwa mpango.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, kahawa ikiwa imeanza kuiva. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu. Iliwekwa katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na hapo Caroline, mke wa mchungaji, aliwafundisha wasichana wanne kupiga chapa. Mmoja wao alikuwa Sheila, kifungua mimba wa Karimi. Sheila alimaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na alama zake hazikumfikisha chuoni. Akakaa nyumbani akichuna kahawa na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtisha mama yake. Kisha kiwanda cha kahawa kikatangaza kwamba kinamtaka mtu wa ofisi mwenye cheti cha kompyuta, na Sheila akaanza tena kuimba akioga.

Mtihani wa cheti ulikuwa Ijumaa. Mtahini angetoka Embu. Kila msichana angekalia mashine peke yake kwa saa moja na nusu, na sheria yao ilikuwa kali: mashine ikizima katikati ya karatasi, karatasi hiyo imeharibika, na kituo kinafutwa. Mtihani mwingine ulikuwa mwaka ujao. Kiwanda kisingengoja mwaka ujao.

Sasa wiki moja kabla ya mtihani mashine ikaanza kuzima.

"Ni stima," Caroline alisema Jumatatu.

"Si stima," Karimi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Balbu inawaka. Redio ya jikoni inaimba. Ni hiyo peke yake inayolala."

"Basi ni joto."

"Mwalimu, mimi naiangalia. Mkiiwasha, naweka githeri motoni kule jikoni. Mahindi yakianza kupasuka, huku nasikia wasichana wanapiga yowe. Ijumaa hivyo. Jumamosi hivyo. Kitu kibovu huzima ovyo ovyo. Hiki kina saa yake."

Caroline akamtazama, kisha akaitazama mashine. Waliiwasha tena na safari hii wakatega saa ya mkononi. Saa moja kamili ikatimia, kioo kikawa cheusi, na barua ambayo msichana mmoja alikuwa ameipiga tangu iwashwe ikapotea yote.

Mzee Kathuri, mzee wa kanisa, alikuwa na maelezo yake. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Redio inasema mwaka elfu mbili ukifika, hizi mashine zote zitakufa. Hii yetu imetangulia tu. Ni kama mtu anayefika matangani mapema apate kiti."

"Mzee, acha kuiombea kifo," Karimi akasema.

Sheila ndiye aliyeyasoma maneno yaliyotokea kwenye kioo mara tu ilipowashwa. Walikuwa wameyaona siku nyingi na kila mara wakibonyeza yaondoke, kama mtu anavyomfukuza nzi. Safari hii aliyasoma hadi mwisho, kwa Kiingereza, kisha akayageuza kwa ajili ya mama yake.

"Inasema muda wa majaribio umekwisha. Inasema kuanzia sasa itakuwa inajizima kila saa, mpaka tuweke namba ya leseni."

"Majaribio ya nani?" Karimi akauliza. "Kwani hii tulipewa au tulionjeshwa?"

Wasichana wanne walitazamana, na Karimi akaona mabega ya Sheila yakishuka vilevile yalivyoshuka siku ile ya matokeo. Usiku huo hakufumba macho.

Fundi aliitwa Oscar. Alikuwa kijana wa Meru mjini, mwenye shati lililochomekwa ndani ya suruali na maneno mengi. Siku ya kwanza hakuja. Alitoa shauri Caroline alipompigia kwa simu ya posta: rudisheni saa ya mashine nyuma, idanganyeni kwamba bado ni Machi, itaona muda haujaisha. Caroline akafanya hivyo. Mashine ikakubali tarehe ya Machi bila ubishi, ikawapigia barua zenye tarehe ya Machi, na saa moja ilipotimia ikazima palepale.

"Imekataa kudanganywa," Caroline alisema.

"Afadhali yake," Karimi akasema. "Mimi ningeogopa mashine inayodanganyika."

Alhamisi, siku ya kuamkia mtihani, Oscar akaja mwenyewe. Alivuta kiti, akaisikiliza mashine ikinguruma, akasoma yale maneno, akatingisha kichwa.

"Mama Sheila, hii si ugonjwa. Kuna fundi alipitia hapa?"

"Mwezi wa saba," Caroline akajibu. "Ilishikwa na virusi. Kijana mmoja akaja akafuta kila kitu, akaweka upya."

"Basi ni huyo. Ule mfumo wenyewe, ile roho inayoendesha mashine, hukaa kwenye CD. Ukiweka, unaulizwa namba. Ukiwa na namba, ni yako daima. Ukikosa, unaambiwa sawa, ionje kwa miezi kadhaa kwanza. Yeye hakupata namba, akawaachia ya kuonja, akaenda zake. Miezi imeisha."

"Na sasa?"

Oscar akajikuna kidevu. "Kuna namba moja inazunguka mjini. Kila duka inaitumia. Naweza kuwaandikia sasa hivi, tumalize, ninywe chai."

Sheila akainua uso haraka, na Karimi akaona tumaini limemjaa machoni. Ilimuuma kusema aliyosema.

"Ya kuiba?"

"Aah, mathe, si kuiba. Ni kuazima."

"Kitu cha kuazima huulizwa mwenyewe. Huyo mwenyewe mmemuuliza?" Oscar akacheka akitazama chini. Karimi akaendelea, ingawa alikuwa anaiogopa Ijumaa kuliko mtu yeyote mle chumbani. "Hapa ni kanisani. Na mtahini akija akauliza leseni, nimwonyeshe nini? Namba ya duka la mjini? Watoto wanne waitwe wezi siku ya kwanza ya kazi yao?"

"Karimi amesema kweli," Caroline akasema. "Tena hii mashine haikuokotwa. Ngari, muumini wetu anayefanya kazi mjini, aliinunua ofisini kwao Nairobi ikiwa halali, akatuletea. Leseni yake lazima iko."

Oscar akagongagonga meza kwa vidole. "Kama ilikuwa ya ofisi, basi namba imebandikwa kwenye mwili wake. Hizi za ofisi huja na stika ndogo inayong'aa. Hukaa ubavuni." Akainama, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Kisha akainuka, akaweka mikono kiunoni. "Nani amepaka huyu mtoto rangi?"

Kwa maana ubavu wote wa kulia wa ile mashine ulikuwa umeandikwa, kwa rangi nyeusi ya mafuta, herufi nene kama vidole: MALI YA KANISA.

Mtu wa mahali pengine angeshangaa. Mtu wa Githongo hashangai. Huko, sufuria ikitoka nyumbani kwenda kupikia harusi ina alama ya rangi matakoni, na kila mama anaijua yake hata iwe nyeusi ya masizi. Kiti cha kanisa kina maandishi mgongoni. Beseni lina maandishi. Hata ubao wa kukatia nyama una maandishi. Kitu kisichoandikwa ni kitu kilichokwisha kuibwa, ila mwizi hajapata nafasi tu. Kompyuta ilipoletwa, kamati iliamua isilale hata usiku mmoja bila jina. Karimi akatoa kopo stooni, akalishika, na Mzee Kathuri, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, akapiga brashi huku watu wakishangilia kila herufi.

Karimi akausogelea ule ubavu. Akapitisha kidole juu ya rangi, taratibu, kama anavyotafuta mwiba mguuni mwa mtoto. Chini ya neno la mwisho kidole kikapanda ukingo mdogo wa pembe nne.

"Iko hapa," akasema.

Chumba kikalipuka. Sheila akamkumbatia Caroline. Oscar akaomba petroli na kitambaa.

"Petroli hapana," Karimi akasema. "Petroli inakula rangi ya juu na maandishi ya chini. Niliwahi kusafishia birika, likabaki halina hata jina la kiwanda. Hebu kwanza toa mashine kwenye stima."

Oscar akaing'oa waya. Alipomwona Karimi anarudi na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto na taulo, akasimama mbele ya mashine kama kipa mbele ya goli.

"Mama! Maji na kompyuta? Utaiua na mazishi tufanye leo!"

"Nitakamua mpaka taulo lilie. Wewe shika hapo, uone tone likidondoka, unipige kofi."

"Mimi nimpige kofi mama wa kanisa? Unataka nikose mbingu?" Lakini akashika.

Karimi akalikamua taulo mpaka likabaki na joto tu, akalikandika juu ya neno la mwisho, akahesabu kimoyomoyo jinsi anavyokanda jipu. Alijua kwamba rangi ya mafuta haipendani sana na kitu kinachoteleza. Juu ya bati inang'ang'ania. Juu ya plastiki inakaa kama mgeni asiyeambiwa karibu. Akaondoa taulo, akapaka mafuta kidogo ya kupikia pembeni, akasukuma kwa ncha ya mwiko wa mti. Rangi ikajikunja. Ikatoka kwa vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Wakati huo ndipo Mzee Kathuri aliingia. Aliona neno KANISA limebaki nusu.

"Mama Sheila! Unafuta Kanisa?"

"Sifuti Kanisa, mzee. Nafuta rangi."

"Herufi zangu hizo! Nilizipiga bila hata rula! Na mwizi akija?"

"Mwizi akija leo ataiba mashine inayojizima kila saa. Mwache aje, atatubu mwenyewe aturudishie."

Hata mzee alicheka, ingawa alijaribu kukohoa juu ya kicheko chake. Akavuta kiti, akakaa karibu, na punde si punde alikuwa ndiye anayemwelekeza Karimi wapi pa kusukuma, kwa kuwa ni yeye aliyejua wapi aliweka rangi nzito. Kipande cha mwisho kiliponyanyuka, stika ikang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Herufi na tarakimu zilisimama katika mafungu, zote ila moja karibu na mwisho, ambayo brashi ya mzee iliikwangua.

Hapo kazi ya Oscar ikaanza, na Karimi akaona kwamba kijana anajua anachofanya. Kwanza aliiwasha akaanza kuokoa kazi za wasichana kwenye diski, moja baada ya nyingine, akikimbizana na ile saa moja. "Haraka, haraka," alijiambia mwenyewe, jasho likimtoka puani. Diski ya mwisho ilitoka na kioo kikafa dakika hiyohiyo. Wasichana wakapiga makofi. Kisha akaingiza CD, akafuta ule mfumo wa kuonja, akaanza kuweka mpya. Mashine ikawaza. Ikawaza sana. Jua likahamia dirisha la pili. Hatimaye ikauliza namba.

Sheila alisoma kwenye stika, Oscar akapiga. Ile iliyokwanguka aliisoma nane.

Mashine ikakataa.

"Jaribu tatu," Caroline akasema.

Ikakataa.

Karimi alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alikuwa akiomba bila maneno, akishika ukingo wa leso yake. Alijua kwamba mama mwoga chumbani ni mzigo kwa mtoto, kwa hiyo akasimama ambapo Sheila hangeuona uso wake.

"Mstari wa kushoto umenyooka," Sheila akasema polepole, jicho karibu liguse stika. "Nane haina mgongo ulionyooka. Weka herufi B."

Oscar akaweka B. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikasonga mbele bila kusema lolote, kama mtu mzima aliyeridhika.

"Imemeza!" Oscar akapiga kelele. "Imemeza! Hakuna tena kuonja, hii sasa ni yenu mpaka Yesu arudi!"

Mzee Kathuri akamwinua Sheila kutoka sakafuni na kumweka chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msichana alipobatizwa. Lakini mfumo ulipomaliza kujipanga na kazi zikarudishwa kutoka kwenye diski, giza lilikuwa linaingia na gari la mwisho la Oscar linangoja sokoni. Hapakuwa na nafasi ya kuiacha ikae saa moja ijaribiwe fundi akiwapo.

"Haitazima," Oscar alisema akiwa mlangoni. "Amini, mama."

"Nitaamini kesho," Karimi akasema, akamfungia ndizi za kwenda nazo.

Mtahini alikuwa Bi. Wambura, mwanamke mfupi wa miwani, aliyeingia asubuhi na kuanza kukagua kabla ya kusalimia. Aliuliza leseni. Caroline akamwonyesha ubavu wa mashine: MALI YA KA, kisha ile stika. Bi. Wambura akainama, akalinganisha na kioo, akaandika.

"Vituo vingi husema leseni iliibwa na panya," akasema. "Nyinyi mmeichimba."

Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Sheila.

Karimi alikuwa jikoni, ng'ambo ya uwanja, akimenya nduma za wageni. Kutoka pale aliona dirisha, na ndani ya dirisha mgongo wa binti yake na mkono wa samawati wa sweta yake. Alisikia vitufe vya mashine vikidonoa kama kuku kwenye ungo. Alimenya nduma, akatazama. Alimenya nyingine, akatazama. Walipokaribia ile saa moja, kisu kikamponyoka. Akasimama wima, maganda yamemjaa kwenye aproni, akingoja yowe.

Yowe halikuja. Mdonoo uliendelea. Ukapita pale ulipokuwa ukikatika siku zote, ukapita kabisa, ukazidi kwenda, wa haraka kuliko mwanzo, na ule mgongo dirishani ukazidi kunyooka. Kisha ukanyamaza, lakini kwa namna nyingine: kile kimya cha mtu aliyemaliza na anayesoma tena kazi yake. Karatasi ikasikika ikitoka kwenye printa. Sheila akainuka, akamkabidhi Bi. Wambura, na kupitia dirishani akamtazama mama yake. Nyuma yake kioo kilikuwa kinawaka.

Wasichana watatu walikuwa bado hawajafanya. Kelele ilikatazwa. Karimi akaziba mdomo kwa viganja viwili, akatoka jikoni mbiombio, akapita nyuma ya choo cha kanisa, akaingia katikati ya mibuni mpaka alipoona yuko mbali vya kutosha. Hapo akaondoa mikono, akatupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele. Alivipiga kama alivyopigiwa yeye siku alipomzaa Sheila, kwa pumzi yake yote, ndege wakaruka.

Kutoka mteremko wa pili, Kaari, jirani aliyekuwa akichuna kahawa, akaita, "Nani amejifungua huko?"

"Hakuna!" Karimi akajibu, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. "Ni Sheila! Amemaliza mtihani na mashine haijazima!"

Kaari hakujua ni mashine gani, wala kwa nini ingezima. Lakini vigelegele vya mwenzako haviachwi vikae peke yake. Akaweka debe chini, akajibu. Mwanamke mwingine chini yake kwenye mto akapokea, na mwingine ng'ambo, hata mteremko mzima ukawa unashangilia.

Karimi aliporudi, Bi. Wambura alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mtihani, miwani mkononi.

"Mama," akasema, "huku ndani kuna mtihani."

"Nisamehe, mwalimu. Nilikwenda mbali."

"Si mbali sana." Mtahini akajaribu kukaza uso, ukamshinda. "Ni yupi wako?"

"Yule wa sweta ya samawati."

"Basi pika nduma zako bila wasiwasi," Bi. Wambura akasema, akiweka miwani. "Kupika unaruhusiwa. Lakini huko kwenye kahawa usirudi mpaka watatu waliobaki wamalize."